Mzani wa Ofisini

Saa nne asubuhi, katika ofisi nyingi za Iringa mjini na za Mwanjelwa jijini Mbeya, kazi husimama kidogo. Ni saa ya chai ya maziwa, chapati mbili au maandazi, na supu kwa aliyejaaliwa. Saa saba mama lishe anaingia na hotipoti: wali wa Kyela au ugali wa sembe, nyama, maharage ya kuonjesha na mboga za majani zilizokaa pembeni ya sahani kama pambo. Katikati ya hapo mtumishi hainuki, labda akachukue karatasi kwenye printa. Jioni bajaji inamshusha mlangoni kwake.

Tuhesabu sukari peke yake. Vikombe viwili, kila kimoja vijiko vitatu vya chai, ni gramu 24 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 50 kwa siku, na bora zaidi abakie kwenye nusu yake. Kwa hiyo kabla ya saa tano mtumishi wetu amekwishamaliza kiasi kile bora, na soda ya mchana bado haijafunguliwa.

Kukaa kunaongeza tatizo. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kuingoja insulini. Msuli ukilala, sukari ya chapati hubaki ikizunguka kwa muda mrefu zaidi. Watafiti wa Melbourne, Australia, walilipima jambo hili mwaka 2012. Watu wenye uzito uliozidi walipoinuka na kutembea dakika mbili tu kila baada ya dakika 20, sukari yao baada ya mlo ilishuka kwa karibu robo au zaidi, ikilinganishwa na siku waliyokaa mfululizo. Hawakuvaa raba wala kulipia gym.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, walioshinda vitini, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa nzima, ingawa wote walikuwa wa kampuni moja na basi moja. Ukiwatazama dereva na konda wa daladala ya Uyole, utaona kwamba mgawanyo ule bado upo.

Serikali haijakaa kimya. Mwaka 2014 utumishi wa umma ulipata mwongozo wa kudhibiti UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukizwa mahali pa kazi. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Mwaka 2023 mashindano ya watumishi ya SHIMIWI yalifanyika Iringa, watumishi wa wizara wakavuta kamba na kucheza netiboli. Mbeya ina Tulia Marathon yake, na fulana zake utaziona mjini mwaka mzima.

Ni mambo mazuri, lakini nina shaka nayo kidogo. Timu ya kuvuta kamba huchaguliwa kutoka kwa wenye nguvu tayari. Mwenye presha na goti bovu hubaki kushangilia. Huko Marekani mpango wa afya kazini ulijaribiwa kwa kura ya bahati nasibu katika kampuni yenye wafanyakazi wapatao 33,000. Matokeo ya miezi 18, yaliyotolewa mwaka 2019, yalikuwa ya kukatisha tamaa: waliopata mafunzo walisema wanafanya mazoezi zaidi, ila presha, sukari, uzito na siku za kukosa kazini havikutofautiana na vya wenzao. Semina ilibadilisha maneno ya watu. Miili ilibaki ilivyokuwa.

Njia ya kubadilisha miili Iringa inaijua kuliko Marekani. Miaka ya 1980, Njombe ikiwa bado wilaya yake, mkoa huu uliendesha mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianzia kwenye vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kila robo mwaka, matokeo yakapelekwa mbele ya kijiji, watu wakajadili kwa nini wengine wamedhoofu, wakaamua la kufanya kwa uwezo wao, kisha wakapima tena. Utapiamlo mkali ulipungua sana, na fikra zilizokomaa Iringa ziliingia katika mkakati wa lishe wa UNICEF wa mwaka 1990, unaofundishwa vyuoni hadi leo.

Ofisi inaweza kuiga. Mzani, futi kamba ya kiuno na mashine ya presha vinatosha. Presha haipigi hodi. Mtu huishi na 160 kwa 100 miaka mingi bila kuumwa kichwa. Tofauti na kijijini, namba za mtu ofisini ni siri yake na mhudumu wa afya. Kinachobandikwa ukutani ni hesabu ya jumla: wangapi presha yao imevuka 140 kwa 90, wangapi robo iliyopita. Halafu kikao, na mama lishe awe ndani ya kikao hicho, maana yeye ndiye mwenye sufuria.

Hapo ndipo Nyanda za Juu Kusini zina bahati. Maandazi yanaweza kupisha magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha. Dona iliyosagwa kwa mahindi makavu, safi, ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe imezimwaga kwenye pumba. Maharage, ambayo kituo cha kilimo cha Uyole kimeyafanyia utafiti kwa miongo mingi, yapewe nusu ya nafasi ya nyama. Figiri na mnafu vijae sahani. Parachichi la Rungwe lije badala ya mafuta ya kukaangia, maana likiongezwa juu yake ni mafuta juu ya mafuta. Chumvi isiwekwe mezani. Dakika 150 za kutembea kwa wiki anazipata anayeshuka kwenye gari Ipogolo na kuupanda mlima hadi mjini siku tano, kila asubuhi mara moja.

Jambo moja linawahusu wenyeji hasa. Mwaka 2022 asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Tafiti zilizoanzishwa na David Barker wa Uingereza zinaonyesha kuwa aliyekosa lishe tumboni na utotoni huelekea zaidi kisukari na presha akinenepa ukubwani. Mtumishi aliyekulia katika uhaba ana sababu zaidi ya kukwepa kitambi.

Mchuma chai wa Mufindi na kibarua wa msitu wa Sao Hill wana hesabu nyingine. Kuwahimiza watembee ni dhihaka. Utafiti wa mwaka 1979 huko Sri Lanka ulikuta kwamba wanawake wachuma chai wenye upungufu wa damu, walipopewa madini ya chuma, walichuma majani mengi zaidi kwa siku. Kwao mpango wa afya kazini ni mlo wa mchana wenye dagaa, maharage na chungwa la kusaidia chuma kifyonzwe, na gharama yake ni ya mwajiri.