Kushika Bunduki ya Marisawa: Imara, Bila Kukaza Kupita Kiasi



Katika mikutano ya polisi jamii, swali moja hujirudia kutoka kwa walinzi wa maghala, wakulima na wamiliki wengine wa silaha wenye vyeti halali: je, bunduki ya marisawa, ambayo wengi huiita shotigani, ishikwe kwa nguvu kiasi gani wakati wa kufyatua? Mmoja huambiwa na mwenzake aikaze kwa nguvu zote ili isimponyoke. Mwingine huambiwa ailegeze ili isimuumize bega. Mashauri yote mawili yana hatari. Makala haya yanaeleza sababu. Hayachukui nafasi ya mafunzo ya mkufunzi katika uwanja wa shabaha, wala hayampi ruhusa mtu asiye na cheti kugusa silaha.

Kwa nini bunduki husukuma nyuma

Kila kitu kinachosukumwa mbele kwa nguvu husukuma nyuma kile kilichokisukuma. Risasi moja ya bunduki ya marisawa ya kawaida hubeba punje zenye uzito wa gramu 28 hadi 36, nazo hutoka mtutuni kwa kasi inayozidi mita 350 kwa sekunde. Bunduki yenyewe, yenye uzito wa kilo 3 au zaidi kidogo, hurudi nyuma papo hapo kwa kasi ya takriban mita 4 hadi 5 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya mtu anayekimbia. Hakuna mkono unaoweza kuzuia msukumo huo. Kinachowezekana ni kuupokea kwa mwili mzima, ili usambae badala ya kugonga mahali pamoja.

Ndiyo maana kitako hakina budi kukaa barabara katika bonde la bega, yaani mahali penye nyama kati ya mfupa wa mtulinga na kiungo cha mkono. Kisikae juu ya mfupa, wala kisitelezee kwenye mkono. Shavu nalo liguse kitako kwa uthabiti. Mguu wa mbele ubebe sehemu kubwa ya uzito, goti lake likunjwe kidogo, na kiwiliwili kiinamie mbele. Anayesimama wima au kuegemea nyuma husukumwa akayumba, na mtutu wake huelekea asikokusudia.

Mikono miwili, kazi mbili

Kwa mtu anayetumia mkono wa kulia, mkono huo hushika shingo ya kitako kwa uimara na kukivuta kuelekea begani. Mkono wa kushoto hushika ubao ulio chini ya mtutu. Kazi yake ni kubeba uzito na kuelekeza. Anayetumia mkono wa kushoto atageuza mpangilio huo.

Kipimo cha nguvu ni kile ambacho kila mkulima anakijua. Mpini wa jembe ukiulegeza, jembe litakuponyoka na kukukata mguu. Ukiukaza mno, mikono itachoka na kutoka malengelenge kabla hujamaliza tuta la kwanza. Bunduki hushikwa vivyo hivyo. Mkono ukianza kutetemeka, au vifundo vya vidole vikibadilika rangi, basi umekaza kupita kiasi.

Anayelegeza huacha pengo kati ya kitako na bega. Bunduki hupata nafasi ya kukimbia kabla ya kugonga, na pigo huwa kali zaidi. Bega huvimba, shavu huumia, na kidole cha kati hugongwa na bangili ya chuma inayozunguka kifyatulio. Katika bunduki za mitutu miwili zenye vifyatulio viwili, mshiko legevu huweza kukifanya kidole kiteleze na kugusa kifyatulio cha pili, na risasi ya pili ikatoka bila kukusudiwa. Hali kadhalika, baadhi ya bunduki zinazojikoki zenyewe hukwama zisipopata bega imara la kuzizuia.

Anayekaza kupita kiasi naye hujidhuru kwa njia nyingine. Misuli iliyojaa nguvu hutetemeka na kuchoka upesi. Huanza kuogopa pigo kabla halijaja, akafumba macho na kukivuta kifyatulio kwa ghafla. Mtutu huinama au kwenda kando, na punje zikamfuata asiyehusika.

Kidole kisichotakiwa kushika

Miaka kadhaa iliyopita nilifika asubuhi katika kituo kimoja cha biashara karibu na mpaka, baada ya wakazi kusikia mlio mmoja wa bunduki usiku. Mlinzi alikuwa amerudi kutoka kuzunguka jengo. Mkono wa kulia ulishika bunduki, kidole kikiwa juu ya kifyatulio. Mkono wa kushoto ulikuwa unasukuma lango. Lango lilikwama, akalisukuma kwa nguvu zaidi, na bunduki ikalia. Marisawa yalitoboa bati la nyumba ya jirani, juu kidogo ya kitanda walimolala watoto wawili. Hawakuumia. Mama yao alinionyesha matundu kwenye bati, mwanga wa asubuhi ukipita, wala hakusema neno.

Mlinzi yule aliapa kwamba hakufyatua. Nilimsadiki, kwa maana hakukusudia. Mkono wake ndio uliofyatua. Mwili wa binadamu una tabia hii: mkono mmoja unapokaza kwa nguvu, mkono wa pili nao hukaza kidogo pasipo mwenyewe kujua. Hutokea vivyo hivyo mtu anapojikwaa na kuanza kuanguka, na anaposhtuka kwa kelele ya ghafla. Nguvu inayotosha kuvuta kifyatulio ni ndogo kuliko ile inayotumika katika nyakati hizo.

Kwa hiyo, kushika kwa uimara kunahusu kiganja na vidole vingine; kidole cha shahada hakimo. Hicho kinyooshwe kando ya bunduki, nje kabisa ya bangili ya kifyatulio, mpaka uwe umeamua kufyatua na umekwisha kuona kilicho mbele na nyuma ya shabaha. Mlinzi asifungue lango, asimkamate mtuhumiwa, wala asipande ngazi kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa kwenye kifyatulio. Na asikitegemee kizuizi cha usalama peke yake, kwa sababu chuma huchakaa na mtu husahau.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali ya namna hii inayo, nayo ni kidole kilichonyooka.

Punje hazijui mpaka

Jambo hili lina uzito wa pekee kwetu. Mjini Busia, mji mmoja umegawanyika kati ya Uganda na Kenya. Kule Mutukula, Uganda na Tanzania hutazamana. Majirani huchota maji, huuza ndizi na huoana pande zote mbili. Punje ndogo za kuwindia ndege, ambazo shabaha yake ya uhakika haizidi sana mita 40, zikielekezwa juu huweza kusafiri zaidi ya mita 200. Punje kubwa huweza kupita mita 500, na risasi nzito ya kipande kimoja huweza kufika kilomita 1. Mtu aliyesimama katika nchi moja anaweza kumjeruhi mtoto aliye katika nchi nyingine, na jambo lililokuwa la familia mbili likawa la mataifa mawili.

Sheria nazo zimeliona hilo. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970 inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti. Cheti hicho hakimruhusu kuvuka mpaka na silaha hiyo pasipo kibali kingine, wala si kibali cha kuwinda wanyamapori. Zaidi ya hayo, nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004 ili kudhibiti silaha ndogo katika ukanda wetu. Bunduki iliyoazimwa kwa binamu ng'ambo ya mto, hata kwa nia njema ya kufukuza nyani shambani, imekwisha kuwa silaha haramu.

Mlio ukishatokea

Baada ya kufyatua, usiishushe bunduki upesi. Iache begani mpaka itulie, toa kidole kwenye kifyatulio, elekeza mtutu mahali salama, kisha ondoa risasi zilizobaki. Kama mlio ulitokea bila kukusudia, toa taarifa kituo cha polisi kilicho karibu na kwa mwenyekiti wa LC I, hata kama hakuna aliyeumia. Usiokote ganda la risasi wala usizibe matundu. Anayejitokeza mapema hutusaidia kujua ukweli, na huepusha uvumi ambao katika maeneo ya mpakani huenea kabla ya jua kuchomoza.

Nawaomba pia waajiri wa walinzi wahakikishe kwamba askari wao wamefundishwa kwa vitendo, na kwamba bunduki waliyopewa inalingana na maumbile yao. Kitako kirefu mno kwa mtu mfupi hakiwezi kukaa begani ipasavyo, hata ashike namna gani.

Nanyi wananchi, mkimwona mlinzi akizunguka na kidole kwenye kifyatulio, mwambieni kwa heshima: "Ndugu, nyoosha kidole." Hamtakuwa mmemdharau. Yumkini mtakuwa mmeokoa maisha, na pia mmemwepusha yeye na jela.