Matatizo ya uzi katika kushona mfarishi kwa cherehani

Matatizo ya uzi katika kushona mfarishi kwa cherehani ni hali ambapo uzi hukatika, huchanika nyuzinyuzi au hujikunja chini ya kitambaa wakati wa kushona. Mfarishi una tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba ya katikati na kitambaa cha chini. Kwa sababu ya unene huo, uzi hupata msuguano mkubwa kuliko katika nguo za kawaida.

Jinsi mshono unavyoundwa

Cherehani nyingi hutumia nyuzi mbili. Elias Howe wa Marekani alipewa hataza ya cherehani ya namna hiyo mwaka 1846. Uzi wa juu hupita kati ya visahani vya mkazo, kisha katika tundu la sindano; uzi wa chini hutoka kwenye bobini. Sindano inapoanza kupanda, ndoano hushika kitanzi cha uzi wa juu na kukizungusha kwenye bobini. Mikazo ikilingana, nyuzi hukutana ndani ya pamba na fundo halionekani upande wowote.

Dalili na visababishi

Vitanzi vikijaa chini ya kitambaa, wengi huilaumu bobini. Kwa kawaida kosa liko juu: uzi wa juu umelegea, hivyo hauvutwi ukapanda. Mara nyingi ulitungwa mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa. Wakati huo visahani vimebanana na uzi hauingii kati yake.

Uzi wa chini ukionekana juu, mkazo wa juu umezidi.

Uzi wa juu ukikatika mara kwa mara, huenda sindano ni butu, imepinda, au tundu lake ni dogo. Kipande kilekile cha uzi hupita tunduni mara nyingi kabla ya kubaki katika mshono, kwa hiyo tundu finyu hukichakaza. Sindano namba 90 ina unene wa milimita 0.9, namba 80 ina milimita 0.8. Uzi wa zari huhitaji tundu kubwa na mwendo wa polepole.

Utatuzi

Hatua rahisi hutangulia:

1. Kuinua mguu wa cherehani na kutunga uzi upya.
2. Kubadilisha sindano.
3. Kusafisha vumbi la pamba kwenye ndoano na chini ya meno ya kusukuma kitambaa.
4. Kurekebisha mkazo wa juu kidogo kidogo.
5. Kugusa skrubu ya bobini mwisho kabisa.

Kila badiliko hujaribiwa kwenye mabaki yenye tabaka tatu zilezile, kwa kuwa mkazo unaofaa kitambaa kimoja huweza kutofaa mfarishi. Kufumua mshono mbaya kwenye kazi yenyewe huweza kuacha matundu, na mshono uliolegea ukiachwa, pamba huweza kuhama na kukusanyika upande mmoja mfarishi unapofuliwa.