Makuta ya zamani ndani ya kikopo: kuuzisha ao kuchunga?

Katika nyumba nyingi za Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika kuna kikopo kimoja kinakaa chini ya kitanda ao ndani ya kantine ya babu. Ndani yake mna piesi. Zingine zina tundu katikati, zingine zina tembo, zingine zina sura ya Mobutu. Wazee walizichunga miaka na miaka, na kuna familia zilikimbia vita zikiacha sufuria lakini kikopo wakakibeba. Leo, wakati minerval ya watoto inadaiwa na biashara ni ya shida, swali linarudi: kikopo hiki kinaweza kutoa franga ngapi?

Jibu fupi ni hili. Kwa benki, haitoi kitu. Kwa mutu anayenunua metali, inatoa kidogo sana. Kwa wale wanaokusanya piesi za zamani, moja moja inaweza kuwa na bei, nyingi hapana. Kwa hiyo, kabla ya kuuzisha ao kutupa, inafaa kujua ni nini hasa iko ndani ya kikopo.

Kwa nini benki haizipokee

Piesi ni makuta wakati tu serikali inaikubali kuwa makuta. Siku serikali inasema imeisha, inabaki kipande cha metali chenye picha. Congo imepita katika jambo hilo mara nyingi kuliko inchi nyingi.

Wakati wa Wabeleji watu walitumia franga ya Congo. Tarehe 23 Juni 1967, serikali ya Mobutu ilileta zaire. Zaire 1 ilichukua nafasi ya franga 1000 za zamani. Iligawanywa katika makuta 100, na likuta 1 likagawanywa katika sengi 100. Wakati ule zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Wazee wanaosema kwamba likuta lilikuwa na nguvu hawadanganye: makuta 50 ilikuwa dola nzima.

Kisha mambo yakaharibika. Katika Disemba 1979, serikali iliondoa noti za zaire 5 na 10 kwa ghafula. Watu walipewa siku chache za kubadirisha, na tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Wale waliokuwa mbali na benki, ao waliokuwa na mengi ndani ya nyumba, walibaki na makaratasi.

Mwisho wa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni 5. Wachuuzi waliikataa, na katika Januari 1993 askari waliolipwa nayo waliasi Kinshasa. Katika Oktoba ya mwaka ule ule kukaja zaire mpya: 1 kwa zaire milioni 3 za zamani. Kasai waliikataa na wakaendelea kutumia zile za zamani. Mwishowe, tarehe 30 Juni 1998, franga ya Congo ilirudi, 1 kwa zaire mpya 100.000.

Tangu pale, sarafu ndogo za matumizi ya kila siku hazikurudi tena. Hata santimu za 1998 zilikuwa noti za karatasi. Njo maana mutoto wa leo akiona piesi ya Congo, anafikiri ni ya inchi ingine.

Hesabu inayoumiza

Ukipiga hesabu ya mabadiliko hayo mawili, yaani milioni 3 mara 100.000, unapata miliari 300. Ni kusema: franga 1 ya Congo, ile ambayo leo haiwezi kununua hata bonbon, ilichukua nafasi ya zaire miliari 300 za mwaka wa 1967.

Chukua mfano wa muzee aliyeficha zaire 50 mwaka wa 1967. Siku ile zilikuwa dola 100, makuta mengi kabisa kwa wakati ule. Hata kama serikali leo ingekubali kumubadirishia, hakuna noti ndogo ya kutosha kumulipa. Hakuna mwizi aliyeingia ndani ya nyumba yake. Kikopo kilibaki kimejaa sawa vile alikiacha, ni nguvu ya makuta njo ilitoka.

Kwa hiyo mutu asipoteze franga ya moto kwenda benki na piesi za makuta, sengi ao zaire. Wengine wanafikiri pia kwamba piesi za «Congo Belge» zinaweza kubadirishwa Ubeleji. Hapana. Franga ya Congo haikuwa franga ya Ubeleji, hata kama mufalme alikuwa mumoja. Na hata kwa piesi za Ubeleji zenyewe, benki kubwa ya kule iliacha kuzibadirisha mwisho wa 2004.

Ni nini iko ndani ya kikopo?

Mwaga piesi juu ya meza na uzipange kwa wakati wake. Mara nyingi utapata hizi:

Za Leopold II. Zilitengenezwa kati ya 1887 na 1896. Zile ndogo ni za shaba na zina tundu. Zile za santimu 50, franga 1, 2 na 5 ni za feza, ile metali nyeupe ambayo Wafransa wanaita argent. Hizo za feza zina sura ya mufalme mwenye ndevu.

Za Congo Belge. Kuna za santimu zenye tundu na nyota, na katika miaka ya 1920 kuna franga 1 yenye sura ya mufalme Albert upande mumoja na mungazi upande mwingine. Kuna pia ya tembo: franga 2 ya 1943, ya manjano, yenye pembe sita. Ile ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, juu Ubeleji wakati ule ilikuwa mikononi mwa Wajerumani. Mwaka wa 1944 ilitoka franga 50 ya tembo, nusu yake ni feza.

Za Congo Belge na Ruanda-Urundi. Ni za miaka ya 1950, nyingi ni za aluminiamu, nyepesi sana, na zina mungazi.

Za Katanga. Mwaka wa 1961, wakati Katanga ilijitenga, ilitoa piesi za franga 1 na 5 zenye ndizi upande mumoja na musalaba wa shaba upande mwingine.

Za Mobutu. Sengi 10 yenye chui, likuta 1, makuta 5, 10 na 20, kisha zile za zaire za mwisho wa miaka ya 1980. Hizi njo nyingi kabisa.

Za majirani. Upande wa Ituri na Kivu ya Kaskazini, ambako biashara na Uganda ni ya kitambo, inawezekana kukuta shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba. Zile za 1921 mpaka 1946 zina robo ya feza ndani yake. Za nyuma ya pale hazina.

Bei ya metali

Aluminiamu ya likuta ni sawa na ile ya sufuria. Piesi moja ni nyepesi sana, zinahitajika mamia ili kufika kilo moja. Fundi anayeyeyusha aluminiamu atakulipa kama vile analipa sufuria iliyotoboka, hataangalia mwaka ulioandikwa. Shaba na nikeli ni vizuri kidogo, lakini kikopo kimoja hakiwezi kulipa minerval.

Feza ni jambo lingine. Franga 5 ya Leopold II ina gramu 25, na katika hizo gramu 22 na nusu ni feza safi. Mutu akikuambia «hii ni chuma tu, nakupa franga 2000», muombe kwanza mizani. Piesi ya feza ya aina ile ikipungua sana chini ya gramu 25, ao ikizidi, kuna mashaka. Sumaku pia inasaidia kidogo: ikiishika, si feza. Lakini isipoishika, bado si ushahidi, juu shaba na aluminiamu nazo hazishikwe na sumaku. Na piesi za Leopold zilizoigwa ni nyingi duniani.

Anayekusanya anatafuta nini?

Watu wengi wanafikiri uzee njo unaleta bei. Si hivyo. Piesi ya miaka 80 iliyotengenezwa kwa mamilioni inaweza kuwa na bei ndogo kuliko ya miaka 40 iliyo adimu. Wanaokusanya wanaangalia vitu vitatu: ni ngapi zilitengenezwa, ni ngapi zimebaki, na iko katika hali gani. Ile iliyopita katika soko miaka 20, sura ikafutika, inakosa bei. Ile iliyobaki sawa vile ilitoka kwenye mashine inaweza kuuzishwa mara nyingi zaidi, hata kama ni ya mwaka mumoja.

Hapa njo wengi wanajiharibia. Kabla ya kupeleka piesi kwa munuzi, wanaisugua kwa muchanga, kwa ndimu ao kwa majivu ili ingae. Piesi iliyosuguliwa inakwaruzwa, na mukusanyaji anaona mara moja. Acha uchafu wake. Ishike kwa pembeni, uifunge moja moja ndani ya karatasi kavu, na andika ilitoka wapi.

Wajanja

Kuna ujanja unaojulikana katika biashara hii. Mutu anatuma ujumbe kwa simu: piesi ya mwaka fulani inatafutwa na wazungu kwa maelfu ya dola. Ukijibu kwamba unayo, anakuambia munuzi amepatikana, lakini kwanza utume dola kidogo za «kufungua dosye» ao za usafiri wa mutalamu. Ukituma, kunakuja malipo mengine, kisha simu inazimika.

Kanuni ni rahisi: munuzi wa kweli anatoa makuta, haombe makuta. Usitume piesi mbele ya kulipwa. Piga picha pande zote mbili, pima uzito, na uulize bei kwa watu zaidi ya mumoja. Usitembee na kikopo chote, beba piesi moja ao mbili za kuonyesha.

Marekani nao wanajiuliza

Swali hili si la Congo peke yake. Kule Marekani, piesi ndogo kuliko zote ni ya senti 1, wanaiita penny. Familia nyingi zinazo ndani ya chupa, hakuna anayejisumbua kuzibeba. Mpaka 1982 zilikuwa karibu shaba tupu, asilimia 95, kisha zikafanywa kwa zinki iliyopakwa shaba. Watu walianza kuchunga zile za zamani wakitumaini kuuzisha shaba, lakini tangu 2006 serikali ilikataza kuziyeyusha.

Kutengeneza penny moja kulifika kugarimu zaidi ya senti 3, na tarehe 12 Novemba 2025 zile za mwisho za matumizi zilitoka kwenye mashine kule Philadelphia, muji ule ule uliotengeneza tembo wetu wa 1943. Tofauti na Congo ni hii: penny bado ni makuta. Mumarekani akimwaga chupa yake benki, anapata dola zake kamili. Mukongomani akimwaga kikopo, anapata historia.

Basi, kuuzisha ao kuchunga?

Kama ni piesi za aluminiamu na za Mobutu zilizochakaa, kuuzisha hakutabadirisha maisha. Afazali uache chache kwa watoto. Mwalimu wa historia anaweza kufundisha somo nzima kwa meza moja ya piesi: Leopold, Wabeleji, Katanga, Mobutu. Kama ni feza ya Leopold ao franga 50 ya tembo, hapo kuna sababu ya kuketi kama jamaa, kupima, kuuliza, na kukubaliana kabla ya mutu mumoja kuibeba sokoni. Piesi ya babu ni ya wote, na bei ndogo imekwisha kugombanisha ndugu wengi.

Lakini kikopo kinasema pia jambo kuhusu leo. Tangu mwanzo wa 2025, benki zilipofunga milango Goma na Bukavu, watu wengi wamerudia kuweka franga ndani ya nyumba. Hawana kosa, mutu anachunga mahali anaweza kufika. Lakini inafaa kukumbuka kwamba mwaka wa 1998 dola 1 ilibadirishwa kwa chini ya franga 2, na leo ni zaidi ya 2000. Noti iliyofichwa haiibiwe peke yake na mwizi, bei ya soko nayo inaweza kuiiba. Mwenye franga za ziada afazali azigeuze kuwa kitu kinachokaa ao kinachozaa: mbuzi, mbegu, mabati, mashini ya kushona, ao likelemba na watu anaowajua vizuri. Wazee walichunga makuta kwa akili nzuri. Ni makuta njo haikuwachunga.