Kobla ya maembe kwa moto wa juu na chini

Maduka ya matunda ya Hamriya yamejaa maembe. Mwezi wa nne na wa tano huwa ni ya Kihindi, kisha yanaingia ya Pakistani na kuendelea kiangazi chote, na mtu akibahatika hupata ya hapa hapa Omani. Tatizo ni boksi. Ukilinunua zima, siku ya tatu yote yameiva kwa pamoja na watoto wameshachoka na juisi. Kwetu hapo ndipo tunapopika kobla.

Ni kitamutamu cha Kimarekani: matunda chini, donge la unga juu, vinaokwa pamoja. Mabinti zangu waliiona kwenye simu wakakata tamaa, maana fleti yetu ya kupanga ina jiko la gesi tu, oveni hakuna. Mama, aliyekuja Maskati kutoka Unguja miaka ya 1970, aliitazama ile video mpaka mwisho akasema, "Sasa hichi si kama mkate wa kumimina? Moto juu, moto chini!"

Na kweli. Wahamiaji wa Marekani waliokuwa wakielekea magharibi karne ya 19 hawakuwa na oveni. Walipika kobla katika sufuria nzito ya chuma, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. Bibi zetu wakipalia mkate vivyo hivyo, na hakuna aliyewafundisha Mmarekani.

Menya maembe makubwa manne yaliyoiva lakini bado magumu kidogo, uyakate vipande. Yaliyolainika sana yatakuwa uji, hayo yaache kwa juisi. Tia maji ya ndimu moja, hiliki, kijiko kimoja cha kulia cha unga wa kastadi uliokorogwa kwa maji kidogo, na sukari vijiko viwili. Yachemshe mpaka yaanze kushikana. Matunda lazima yawe ya moto unapoweka unga, la sivyo donge litaiva juu na chini libaki bichi.

Unga wa ngano kikombe kimoja, beking pauda kijiko cha chai kimoja na nusu, chumvi kidogo. Sugua ndani yake siagi baridi vijiko vinne mpaka uwe kama chenga, kisha tia nusu kikombe cha laban. Usikande! Chota kwa kijiko uweke madonge juu ya maembe, ukiacha nafasi mvuke utoke.

Wenye oveni: nyuzi 190, dakika 35 hadi 40. Sisi tunapanda nayo juu ya paa baada ya Magharibi, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na baada ya nusu saa tunafunua. Mkaa ndani ya fleti, hapana kabisa. Hewa yake ina sumu isiyo na harufu, na nyumba zetu zimefungwa madirisha kwa ajili ya eisi.

Sasa suala la sukari, maana Mama anaumwa sukari na nyumba nyingi ninazozijua zina mtu kama yeye. Husikia watu wakisema sukari ya tunda haidhuru. Si kweli. Embe lililoiva linapandisha sukari, na unga wa ngano nao unapandisha. Kupunguza sukari ya kopo kunasaidia, lakini hakuifanyi kobla kuwa dawa. Tulichokubaliana na Mama ni kwamba sehemu yake huwa kibakuli cha kahawa, si sahani, na usiku huo hali wali. Anapima kabla na baada ya saa mbili, anaandika mwenyewe kwenye kalenda ya jikoni. Ikipanda, wiki inayofuata anapata maembe machache na donge dogo zaidi, na hapo ugomvi wake na wajukuu kuhusu nani kakatiwa kikubwa unasikika mpaka ngazini.

Inayobaki iweke kwenye friji. Asubuhi huliwa baridi, kwa chai ya rangi isiyotiwa kitu.