Jaji ni Nani: Piano ya Warsaw na Ngoma ya Usukumani

Katika mashindano ya piano ya Chopin, yaliyoanza Warsaw mwaka 1927, fanani hupanda jukwaani mmoja baada ya mwingine, hadhira kimya, majaji wakaandika alama. Sisi wa Kolandoto tumezoea mengine. Wagika na Wagalu, vyama vya ngoma vilivyotokana na Ngika na Gumha karne ya 19, hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja. Anayevuta watu wengi kashinda. Ndiyo maana manju hutafuta vituko, nyoka, hata dawa ya mvuto.

Wahakiki wenzangu husema umati haupimi utungo. Sikubali. Mtazamaji anayehamia upande wa pili katikati ya wimbo amekwisha kuhakiki, tena hadharani. Tabu, jamani, ni ya manju mwenye maneno mazito asiye na chatu.