Mbolea Inakula Gari Lako: Mambo ya Kufanya Mwenyewe Kabla ya Msimu

Mtu atauliza, bwana shamba na magari wapi na wapi? Vijana wengi ninaowatembelea huku Kilolo siku hizi hawamsubiri dalali shambani. Wamejichanga, wamenunua Canter au Hilux iliyotumika, nyanya wanapeleka Dar es Salaam wenyewe, zaidi ya kilomita 400. Hapo gari limeshakuwa kifaa cha shamba kama ilivyo pampu ya maji. Na nyanya iliyoiva haimsubiri fundi. Gari likizima saa nane mchana kwenye lile joto la Ruaha Mbuyuni, mzigo unalainika mle mle kwenye matenga, na mnunuzi wa sokoni hataki kujua nini kimekuchelewesha. Anashusha bei tu.

Likiharibika, wengi wanalaumu barabara. Mimi naona barabara inaonewa. Kinachomaliza magari ya wakulima mapema ni mzigo tunaobeba. Mbolea nyingi za viwandani ni chumvi. CAN, SA na urea zinavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo punje zilizodondoka kwenye bodi usiku zinageuka majimaji, yanaingia kwenye mikunjo ya bati na kuanza kula chuma. MOP ndiyo mbaya zaidi, ina kloraidi kama chumvi ya mezani. Maji ya nyanya zilizopasuka yana asidi, na samadi ya kuku mnaijua wenyewe inavyowasha macho. Gari la mjini halikutani na hivi vyote.

Kwa hiyo siku ile ile ukishusha mbolea, safisha. Usikimbilie maji. Kwanza fagia kavu, mpaka kwenye kona na chini ya mbao, kwa sababu ukianza na maji unayeyusha punje na kuzipeleka mahali ambapo mkono haufiki. Ukishafagia, mwaga maji mengi: bodi, chasisi, springi, ndani ya madigadi. Chini ya milango kuna vitundu vidogo vya kutolea maji, vizibue kwa kijiti. Vikiziba na matope mlango unaoza kutokea ndani, utashtukia bati limeshatoboka. Halafu acha gari likauke juani, turubai limeondolewa. Kufunika bodi yenye maji ni kuipikia kutu. Na safari ijayo tandika turubai zima chini kabla ya kupanga mifuko, kazi itapungua nusu.

Kwenye rangi, acha sabuni ya unga ya kufulia. Inatoa uchafu kweli, ila inaondoka na nta inayokinga rangi. Tumia sabuni ya magari, osha kivulini, anzia juu kushuka chini. Na lile vumbi jekundu usilipanguse kwa kitambaa kikavu hata siku moja, vumbi hilo ni msasa. Mwagia maji kwanza. Kila baada ya miezi mitatu hivi paka nta, hasa boneti na paa la kebini vinavyopigwa na jua.

Ukiona rangi imefura kama lengelenge, kutu tayari iko chini yake. Hii unaweza kuimaliza mwenyewe ikiwa bado ndogo. Kwangua kwa brashi ya waya na msasa namba 80 mpaka bati jeupe lionekane, usiache hata doa la kahawia. Lainisha kingo kwa namba 240, futa kwa kitambaa chenye thina, subiri ikauke. Paka praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, maana bati lililo wazi likilala na umande wa huku kwetu asubuhi limeshabadilika rangi. Makoti mawili membamba ni bora kuliko moja zito linalotiririka. Puti inakuja baada ya hapo, kama pana shimo, na si kabla. Wapo mafundi wanaobandika puti juu ya kutu, gari linapendeza wiki chache, halafu puti inanyonya maji na kubanduka na kipande cha bati.

Namba ya rangi ya gari lako usikisie kwa macho. Toyota nyingi zina kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, tafuta palipoandikwa C/TR; herufi au tarakimu za mwanzo ndizo rangi. 040 kwa mfano ni nyeupe ile iliyojaa mabarabarani. Ila hiyo ni kwa kebini. Ndani ya bodi ya mzigo usipoteze hela kwa rangi ya kung'aa, rangi ya mafuta ya kawaida ya vyuma inatosha. Ukipulizia, funika mdomo na pua, simama pasipo na moto.

Kuna mtindo wa kumwagia oili chafu chini ya chasisi ati inazuia kutu. Siupendi. Oili inalainisha na kufurisha mipira ya springi, inaweza kufika kwenye breki, na inayobaki inadondoka kwenye udongo unaolimia.

Tuje kwenye injini, na hapa mwalimu ni mlima Kitonga. Unarudi kutoka Dar na mbolea, unaupanda na mzigo kwenye joto, hapo ndipo rejeta inapoumbuka. Kabla ya safari, gari likiwa la baridi, fungua mfuniko uangalie maji. Likiwa la moto usiguse, yale maji yatakubabua uso. Chungulia mapezi ya rejeta: makapi na wadudu wakijazana hewa haipiti. Safisha kwa maji yasiyo na kasi kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba katikati, ukibonyea karibu sentimita moja uko sawa, ukiwa na nyufa badilisha na wa zamani ubaki nao kama akiba. Oili pima asubuhi pa tambarare. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, usiliwashe.

Kwa injini ya dizeli, legeza koki ya chini ya chujio utoe maji yaliyotuama mpaka dizeli safi itoke, kisha pampu kwa mkono utoe upepo. Chujio la hewa linaweza kupulizwa, kutoka ndani kwenda nje. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe, fungua hasi kwanza, osha kwa maji ya moto yenye magadi, hasi irudi mwisho.

Kushuka na nyanya ni habari nyingine. Shuka na gia ambayo ungepandia, tumia breki ya ekzosti kama ipo, nyutro sahau kabisa. Mafuta ya breki yananyonya unyevu taratibu, na yakipata joto la mteremko yanachemka, pedali inazama mpaka chini. Yabadilishwe kila miaka miwili. Yakimwagikia bodi yaoshe hapo hapo kwa maji, yanabandua rangi vibaya.

Breki zenyewe, usukani na pampu ya dizeli ni za fundi anayejulikana, hapo kubana matumizi ni kucheza na roho za watu. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, weka stendi au magogo imara.

Ukienda kwa huyo fundi, nenda na daftari: tarehe na kilomita za kumwaga oili, lini chujio lilibadilishwa, sauti ilianza siku gani na ukiwa na mzigo gani. Ukimwambia "inagonga nikiwa na gunia 40, tupu haigongi," atajua wapi pa kuanzia, na hutalipia spea ambayo haikuwa na tatizo.