Pine kubwa, resori fupi: vinapatana?

Sisi wa darasa la sita tunapenda fizika inayoonekana mu njia. Vijana wengi wanatamani kupamba jipe: janti kubwa, pine pana, na resori fupi ili motokari ikae chini. Mu Ulaya na Marekani wanafanya vile juu ya lami, maana motokari ya chini hailali sana mu kona.

Lakini tuangalie vizuri. Pine kubwa inataka nafasi. Resori fupi inaondoa nafasi. Ukikata kona ama ukiingia mu shimo, pine inasugua bati, na siku moja inapasuka. Tena, kimo cha pine kikizidi kwa 10%, kompteri inaonyesha 60, kumbe unakimbia 66. Na janti kubwa ikivalishwa pine ya ubavu mfupi, hewa ya kupokea pigo ni kidogo: janti inapinda.

Njia zetu za Kamina ni za udongo. Wakati wa mvua magurudumu yanachimba mifereji, katikati kunabaki kilima. Jipe iliyoshushwa sentimeta 5 inaweza kulaza tumbo pale, hata karteri ya mafuta itoboke. Na kama ndani kuna mgonjwa wa kupeleka hospitali?

Kwetu, uzuri wa motokari ni kufika.